Mwenye Duka la Dawa Hakuja Msibani

Nilisoma ukurasa wa mwisho kwanza. Hilo ndilo kosa langu, na naliweka mlangoni kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, aingie ndani akiwa ametulia. Kilikuwa kitabu cha upelelezi, cha Kiingereza, na sikuwa nimefika hata katikati. Nikafunua mwisho kwa siri, nikadhani nimemjua muuaji, na kwa ujuzi huo wa kuibia nikaweka ahadi mbele ya mashahidi. Ndiyo sababu mimi, ambaye safari yangu ndefu kwa wiki nzima ilikuwa ya kwenda kazini Garland na kurudi, nilijikuta kwenye barabara kuu ya Houston, na kinu cha kutwangia sombe, yaani kisamvu, kimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Tulikuwa tunakaa Vickery Meadow, Dallas, kwenye yale majengo ya ghorofa yaliyobanana mpaka ukipiga chafya kwako, wa pili anakuambia afya. Mimi ni mtu wa ndani. Mke wangu husema ningezaliwa konokono ningefunga mlango kwa ndani na kuweka komeo. Yeye alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, zamu juu ya zamu, na barabara kuu za Dallas, zile zilizopandiana kama chapati kwenye sahani, alizipita huku akipaka mafuta ya midomo. Mimi nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala Garland, na njia yangu niliichora mwenyewe: mitaa tu, bila barabara kuu hata moja, taa baada ya taa, shule, makanisa, nyumba za watu wenye mbwa. Mwenzangu kazini alinicheka akaniambia anafika nusu ya muda wangu. Nikamwambia sawa, lakini mimi nafika nikiwa na mapigo ya moyo ya kibinadamu.

Kitabu nilikipata kwenye duka la mitumba, nilikokwenda kutafuta birika. Jina lake sitalitaja. Kwanza, jalada lilikuwa limechanika nusu, limebaki bomba la moshi na polisi mwenye baiskeli. Pili, humu ndani nitamtaja muuaji, na sitaki laana za watu ambao hawajakisoma. Nilikinunua kwa kazi moja: kuweka chini ya mguu wa meza yetu iliyokuwa inacheza. Kikawa kinene mno. Meza ikainamia upande wa pili, chai ya mke wangu ikamwagika kwenye sare yake ya kazi, naye akaniambia, "Sasa kisome basi, kiwe na faida yoyote."

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Kinatosha kusoma tangazo la kodi na kuomba radhi. Lakini nilikuwa na kamusi kwenye simu na nina makalio ya kukaa, ambayo ndiyo elimu kubwa ya msomaji. Nikaanza. Ni mji mdogo wa Uingereza, barabara moja, kanisa moja, mvua kila ukurasa. Mzee tajiri anakutwa amekufa kwenye banda lake la vioo la kuoteshea maua, kapigwa kichwani, vioo vimevunjika. Anatumwa inspekta kutoka jiji kubwa, mtu wa mafua yasiyokwisha. Kuna mpwa wa marehemu, mlevi na mpenda suti. Kuna mtunza nyumba anayesikiliza milangoni. Kuna daktari, kuna mchungaji, na ng'ambo ya barabara, mlango kwa geti, kuna mwenye duka la dawa.

Nilianza kumsimulia mke wangu. Akawa analala kabla inspekta hajavua koti. Siku moja nikamsimulia jirani wa chini, tumekaa kwenye ngazi, na huyo hakulala.

Jirani wa chini alikuwa mama wa Kikongo, mjane, mkubwa kwangu kwa mbali, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu na changu cha Morogoro, na vilisalimiana vizuri tu. Aliniita Papa, ingawa kwa umri angeweza kunichapa. Kwao ndiyo heshima. Kiingereza alikuwa nacho cha kupandia basi. Ila alikuwa na kinu. Sijui alikivushaje bahari; cha mti mzito, kimo cha mtoto wa chekechea, na kila Jumamosi asubuhi, saa ambayo mtu wa ghala anamalizia usingizi wake wa wiki, alitwanga majani ya muhogo. Mlio ulipanda ukutani, ukaingia kwenye mto wa kulalia, ukanikuta sikioni. Nilishapeleka malalamiko mara nyingi. Alinijibu mara zote kwa kuniletea bakuli la sombe, na mimi mara zote nikala.

Basi masimulizi yakawa ya Jumapili mchana, watu wakitoka makanisani. Mama anakaa ngazi ya chini na beseni lake la majani anachambua. Ngazi ya juu yangu anakaa jirani wa tatu, nesi wa Kikenya, dada mwenye ulimi mwepesi, akija na chupa ya chai. Mimi nakaa katikati kama kadhi. Nilikuwa nasimulia kwa Kiswahili, najitahidi mji ule wa Kiingereza uwakae watu kichwani: mchungaji nikampa kikohozi cha mchungaji wetu, mtunza nyumba nikampa kanga kiunoni. Vitu vidogo vidogo nilivyoona havina maana nikaviruka. Kumbukeni hapo.

Jumapili ya mazishi ndiyo iliyoleta mambo.

"Wakamzika," nikasema, "halafu mji mzima ukaenda nyumbani kwa marehemu. Mtunza nyumba akawapa chai na keki."

"Nani alipika?" mama akauliza.

"Hawakupika, Mama. Keki, na vipande vidogo vya mkate."

"Msiba ya mukate." Alitikisa kichwa kuwahurumia. "Endelea."

"Daktari alikuja. Mchungaji alikuja. Mpwa alikuja amechelewa, amelewa. Mwenye duka la dawa alituma shada la maua na kadi."

Mikono ya mama ikasimama kwenye beseni. "Rudia pale."

Nikarudia.

"Hakukuya?"

"Hakuja. Alituma maua."

"Iko mugonjwa?"

"Kitabu hakisemi."

"Amesafiri?"

"Yuko dukani kwake, ng'ambo ya barabara. Sura hiyo hiyo anamuuzia inspekta dawa ya kikohozi."

Mama akarudi kwenye majani yake kama mtu aliyemaliza kesi. "Basi njo ule aliua. Funga kitabu, tukule."

Njo yao ni ndiye yetu. Nilicheka. Nakiri nilicheka kwa dharau kidogo, ile ya mtu mwenye cheti cha kidato cha nne. Nikamwambia kwa upole wa uongo, "Mama, Waingereza hawana matanga kama yetu. Kwao kutuma maua ni heshima."

"Heshima ni mukono," akasema. "Jirani yako amekufa. Unavuka barabara, unatoa mukono, unakaa. Ata kama ulimuchukia. Ukimuchukia njo unakaa zaidi, batu wasiseme."

Nesi akamimina chai. "Mama ana point, bwana. Kwetu ukikosa matanga ya jirani, hata kuku wako wanakutazama vibaya."

"Hiki ni kitabu cha upelelezi," nikasema. "Muuaji hapatikani kwa mahudhurio. Kuna nyayo, kuna damu, kuna saa iliyosimama."

"Weye tafuta nyayo," mama akasema. "Mi nimemaliza."

Sasa, wakati huohuo lilikuwepo jambo lingine, na hilo halikuwa la kitabuni. Mama alikuwa na binti mmoja tu duniani, na binti huyo alikuwa Houston. Waliletwa Marekani kwa ndege tofauti. Mtoto na mumewe wakashushwa Houston, mama akashushwa Dallas, na aliyepanga karatasi labda aliona kwenye ramani ni pua na mdomo. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, siku zinakaribia. Mama alikuwa amemwahidi kwamba hatazaa peke yake katikati ya watu wa Kiingereza, kwamba mkono atakaoushika siku hiyo utakuwa wa mama yake. Afikeje? Ndege alishaapa hapandi tena, ile iliyomleta ilimtosha. Basi la masafa lilimtapisha mara ya kwanza mpaka dereva akamwombea. Mkwe wake alikuwa kibarua mpya, hana ruhusa ya kukosa kazi. Watu wa kanisani kwake wote wako zamu, mke wangu zamu, nesi zamu. Mwenye gari na likizo ambayo hajaitumia alikuwa mmoja tu.

Alishaniomba. Mara ya kwanza nikasema tutaona. Mara ya pili nikasema tairi za gari langu hazifai safari. Mara ya tatu hakuniomba, alinitazama tu huku anatwanga, na nadhani siku hiyo alitwanga kwa nguvu zaidi.

Katikati ya wiki ile ndipo nikafunua ukurasa wa mwisho. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimechoka kusikia "njo ule aliua" kila nikipita na taka. Ukurasa wenyewe ulikuwa mfupi. Stesheni ya treni, asubuhi, mvua. Inspekta anapanda behewa, na mpwa wa marehemu yuko pamoja naye, kichwa ameinamisha, macho chini. Nikafunga kitabu, moyo mweupe. Mpwa! Amekamatwa, anapelekwa jijini kujibu. Nikalala usingizi wa hakimu.

Jumapili iliyofuata nilishuka ngazi nikiwa na tumbo la mtu anayejua matokeo ya mechi. Mama akaanza mwenyewe.

"Papa, ule wa dawa wamemukamata?"

"Mama, wewe una uhakika kabisa?"

"Kabisa."

"Uko tayari kuweka kitu?"

Nesi akakohoa chai. "Haiya! Mtanzania anacheza kamari Jumapili."

"Si kamari, ni ahadi. Muuaji asipokuwa mwenye duka la dawa, kinu kinalala Jumamosi. Hakuna kutwanga mpaka adhuhuri. Milele."

Mama akaweka beseni kando. Alivyonijibu, nikajua alikuwa na jibu tayari tangu wiki nyingi. "D'accord, sawa. Na kama ni ule, unanipeleka Houston. Mi na kinu yangu. Mbele ya mutoto kuzaa."

Nilipaswa kushtuka. Mtu aliyepata usingizi wa hakimu hashtuki. Nikampa mkono, mbele ya nesi, na mke wangu akiwa dirishani na mswaki mdomoni.

Hawakuniamini kusimulia mwisho. Mama alisema ninaweza kubadilisha, na nesi, ambaye Kiingereza anakiota, akateuliwa kusoma sura ya mwisho kwa sauti na kuitafsiri palepale, mimi nikae kimya kama mshtakiwa. Tulikusanyika Jumapili tena, mke wangu akiwa na mapumziko yake adimu, ameketi bega kwa bega nami kwa ajili ya kuona mtu akiumbuka, sijui yupi.

Inspekta, akisomwa na nesi wa Kikenya, alikuwa mtu mwingine kabisa. "Akawaita wote kwa ile nyumba ya marehemu," akasoma, "kwa chai, vile ilikuwa siku ya mazishi. Akasema, leo kila mtu atakuja, hata yule hakukuja."

"Anaita matanga ya pili," mama akasema. "Ule inspekta ana akili."

Nikakunja nne. Ni mbinu tu, nikawaza, anamzungusha mpwa.

"Mtunza nyumba akapeana vikombe. Daktari akachukua. Mchungaji akachukua. Mpwa akachukua, akamwaga kidogo." Nesi alifunua ukurasa, macho yake yakatangulia mbele, akaacha kusoma. Akanitazama. Akatabasamu tabasamu ambalo sikulipenda.

"Soma!" mke wangu akasema.

"Mwenye duka la dawa hakutoa mkono. Inspekta akamwambia, toa glavu bwana, chai haishikwi na glavu. Huyo mtu akakuwa mweupe kama karatasi. Akasema ni baridi. Inspekta akasema, ulikuwa nazo siku uliniuzia dawa ya kikohozi, na ndani ya duka lako kulikuwa na moto unawaka..." Akashusha kitabu. "Wewe! Hii story ya glavu ulituambia lini?"

Sikuwa nimewaambia. Niliziruka. Niliona glavu ni nguo tu, nchi ya baridi, nikaokoa muda. Mkono wa kulia wa mwenye duka la dawa ulikuwa umechanwa na vioo vya lile banda, kovu mpaka kiganjani, na kwa mkono huo hangeweza kuja msibani kumpa pole mtunza nyumba wala kupokea kikombe. Kwa hiyo akatuma maua.

Mama hakupiga kelele. Alifuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akasema, "Hakukuya kutoa mukono," kama anayetaja hali ya hewa.

"Lakini mpwa!" nikapaza sauti. "Mpwa yuko stesheni! Anapelekwa! Kichwa chini!"

Mke wangu akanigeukia polepole. "Umejuaje ya stesheni, mume wangu? Stesheni hatujafika."

Nesi tayari alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, anacheka peke yake, machozi yanamtoka. "Jameni. Mpwa amepata kazi mjini. Wamepanda treni moja tu na inspekta. Kichwa ameinamisha..." Akashindwa, akampa mke wangu kitabu, akarudishiwa, akajikaza. "Kichwa ameinamisha, anatafuta tiketi yake. Imeanguka chini ya kiti."

Nilijaribu kusema habari za tairi. Mke wangu, huku anacheka bado, akasema, "Tairi nilibadilisha zote mwezi uliopita. Hukuona kwa sababu huendi popote."

Tulipanga Jumamosi. Niliomba Jumamosi kwa sababu ilikuwa mbali, na mtu aliyehukumiwa hupenda tarehe. Alhamisi asubuhi, siku yangu ya mapumziko, niko na chai na vitumbua vya jana, mlango ukagongwa. Nje alisimama mama, amevaa kitenge kipya na kilemba cha kanisani. Kinu kiko miguuni pake, mchi uko mkononi kama rungu la askari. Nyuma yake mfuko wa unga wa muhogo, na harufu ya dagaa wa kukausha iliyokwisha kuingia ndani kabla yake.

"Papa, gari."

"Mama, tulisema Jumamosi."

"Mutoto hakusoma kitabu yako. Uchungu imeanza."

Sikumaliza kitumbua. Likizo ya siku iliyofuata niliiomba kwa kupiga simu ghalani nikiwa nashuka ngazi, kiatu kimoja mguuni. Kinu tukajaribu buti, kikagoma; kiti cha nyuma, mlango haukufunga. Kikakaa mbele. Nilipowasha gari, king'ora cha mkanda kikalia, maana gari lilidhani kinu ni mtu. Nikakifunga mkanda. Mama akakaa nyuma, katikati, kama waziri.

Nilivyoingia barabara kuu sitasimulia kwa kirefu, nina heshima kidogo imebaki. Nilikuwa njia ya kulia kabisa, naenda kwa mwendo wa harusi, malori yananipita yakitikisa gari, na mikono yangu imeshika usukani mpaka vidole vimekuwa vyeupe kama vya mwenye duka la dawa. Mama alisali kwa Kifaransa. Nilijua anasali kwa sababu ya binti, lakini kila lori lilipopita sauti ilipanda.

Tulipoitoka Dallas, akaacha kusali. Simu ya mkwe ilikuwa imeingia: wako hospitali, binti anaita mama yake, bado hajazaa. Mama akaiweka simu mapajani, akatazama dirisha, nami kwenye kioo nikaona mdomo wake unatetemeka. Nilimjua kwa miezi mingi na sikuwahi kuona mdomo ule ukitetemeka. Nikaongeza mwendo kidogo. Mikono ikaanza kutoa jasho.

Nadhani aliona. Alijikohoza akasema, "Papa. Anza kitabu."

"Kitabu kipi?"

"Ile ile. Kuanzia mbele kabisa. Na usiruke kitu. Glavu yote uweke."

Basi nikaanza. Mji mdogo, barabara moja, kanisa moja, mvua. Nikamtoa polisi na baiskeli yake, nikamleta mtunza nyumba na kikapu, safari hii kikapu nikakieleza, na vilivyomo. Kumbe mtu hawezi kusimulia na kuogopa kwa pumzi moja. Mzee alipokutwa amekufa tulikuwa tunaipita Corsicana. Inspekta alipiga chafya ya kwanza, nami nikajikuta nimelipita lori, mimi, nimewasha taa, nimehama njia, nimerudi, bila hata kukatiza sentensi. Kando ya barabara maua ya buluu ya msimu ule yalikuwa yametanda, watu wameegesha magari wanawapiga watoto picha humo. Karibu na Huntsville tukapita ile sanamu nyeupe ya mzee mrefu kuliko miti. Mama akauliza ni nani, nikasema sijui, akasema, "Basi hayumo. Endelea."

Alikuwa anakatiza kwa maswali ambayo Jumapili hakuyauliza. Mtunza nyumba ana watoto? Kwa nini mpwa hana mke, suti zote zile? Inspekta hana mtu wa kumchemshia tangawizi? Katikati ya maswali simu inaita, anasikiliza, anasema "bado", na sauti yake inakuwa nyembamba, kisha anasema tena, "Endelea, Papa," nami nakanyaga na kusimulia. Tulisimama mara moja kwenye kituo cha mafuta kikubwa kama ukumbi wa harusi. Alikataa kushuka. Niliporudi na maji nilimkuta amekipa kinu mgongo wa mkono, anakipapasa kama anakiambia subira.

Houston ilitufikia nikiwa kwenye chai ya mazishi. Hapo ndipo utamu ulipo, na kwa utamu huo nikapitiliza njia ya kutokea. Nikasema samahani Mama, nikazunguka, nikarudi kwenye barabara ile ile upande uleule, nikapitiliza tena. Sauti ya simu inayoelekeza njia ilianza kusikika kama imekata tamaa. Mama akaegemea mbele, akaweka mkono begani kwangu. "Nyamaza sasa," akasema. "Kitabu imefika. Tafuta mlango."

Nikaupata mlango. Alishuka gari halijasimama vizuri, akakimbia na kitenge chake kipya, kilemba kikadondoka, akakiokota bila kugeuka. Mkwe alikuwa kwenye mlango wa kioo anamsubiri, akamshika mkono, wakamezwa ndani.

Nikakaa. Niliegesha, nikarudi ukumbi wa kusubiria, nikakaa tena, kukaa nakuweza. Kinu kilibaki garini na mkanda wake. Mchana ukasogea, jua likawa la rangi ya chai kwenye vioo, na hatimaye mkwe akatoka kwenye lifti anacheka na kulia kwa pamoja, akanikumbatia mimi, mtu asiyemjua vizuri, akaniambia ni msichana, wazima wote, na kwamba mama aliwahi, aliwahi vizuri kabisa. Binti alimminya mkono mpaka pete ikaacha alama. "Panda juu, Papa, wanakuita."

Hapa naomba nieleweke. Mimi ni mtu wa ndani, lakini wa ndani kwangu. Vyumba vya hospitali sivijui niweke wapi miguu. Mtoto wa siku moja namwogopa kuliko lori. Tena nilikuwa nanuka dagaa na hofu. Nikamwambia mkwe tangulia, nakuja. Alipotangulia nikaingia kile kiduka cha hospitali cha zawadi, nikanunua maua, ya njano, yenye kadi ya mtoto aliyevaa kofia. Nikaandika "Hongereni sana" kwa mwandiko wangu bora wa shule, nikampa dada wa mapokezi, nikamwomba kwa Kiingereza cha kodi ayapeleke ghorofa ya uzazi, kwa yule Mkongo aliyejifungua sasa hivi. Nikatafuta funguo kila mfuko, nikaja kuzikuta kwenye kiti cha kusubiria. Nilishapiga hesabu ya kinu: nitamwachia mlinzi.

Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa kioo, unafunguka wenyewe, hewa ya Houston ya jioni inaniingia shingoni, niliposikia lifti nyuma yangu, na zile ndala ninazozijua ngazi kwa ngazi. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kilemba upande, uso unang'aa kama sinia. Mkono mmoja umeshika maua yangu yameelekea chini, kama mtu anavyomshika kuku. Mkono wa pili ameunyoosha kwangu, wazi. Watu wote wa ukumbini wakatutazama, naye akasema, kwa sauti ile ya mwalimu wa zamu:

"Papa, unatuma maua? Kwani weye umeua nani?"